Hatia ya Kitu Kisichoonekana

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, hupita Soga na Ruvu katika nchi ya Kibaha. Ekseli za mabehewa yake huzunguka katika beringi; vivyo hivyo mashine za kusaga unga kule Kisarawe. Je, mlinzi asiyezikagua ana hatia, iwapo magurudumu yangali yakizunguka?

Wengine husema hatia huja siku ya kuvunjika. Sivyo. Beringi haifi kwa siku moja. Vumbi huingia, grisi hukauka, chuma husuguana na chuma. Huja joto, kisha kelele, hata mhimili hulegea. Basi aliyepaswa kusimamisha mashine na kuigusa, asifanye hivyo, amekwisha kukosa siku ile. Bahati tu imemsitiri. Wala kujaza grisi kupita kiasi si bidii, maana nako huleta joto.

Mwaminifu hasifiwi, kwa kuwa msiba alioukinga haukuonekana. Lakini kila abiria ashukaye Ruvu salama ni shahidi wake, ajapokuwa hamjui.