Siku ya Tatu Katika Chumba Kimoja

Mimi na mke wangu tulihama Vurra kwenda Arua miezi michache baada ya harusi yetu. Anayeijua West Nile atacheka nikiita hiyo safari, kwa kuwa kwa bodaboda saa moja haiishi. Lakini Arua ilikuwa imepandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, nasi tulitaka kuanza maisha mahali ambapo hakuna anayetujua kama watoto. Tulipanga chumba kimoja: kitanda upande huu, jiko la mkaa na ndoo za maji upande ule, pazia katikati. Mke wangu akaanza kuuza dagaa kwa kopo sokoni. Mimi nilikuwa nikisoma, na kubahatisha vibarua siku zisizo na masomo.

Mwezi wa tatu baba mdogo alinipigia simu. "Mwanangu, mdogo wako anataka kujifunza ufundi wa pikipiki huko mjini. Anakuja Jumapili." Hakuwa akiuliza. Nikamjibu, "Aje, baba. Hapa ni kwake." Nilipokata simu ndipo nilipomgeukia mke wangu kumpa habari.

Je, nilikuwa na haki ya kusema "aje"?

Kwa sisi Walugbara, kuuliza tu swali hilo ni aibu. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwetu kati ya 1949 na 1952, anaeleza katika kitabu chake Lugbara Religion kwamba mzee wa ukoo aliweza kuiita mizimu ya mababu impelekee ugonjwa kijana aliyedharau wajibu wa undugu. Sisemi kwamba niliogopa ugonjwa. Niliogopa sauti ya baba mdogo, ambayo kwangu haina tofauti kubwa na mizimu.

Tena nilikuwa na sababu nzito kuliko hofu. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, na vita vikaikumba West Nile mwaka uliofuata, watu wengi wa kwetu walivuka mpaka kuingia Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Alipokelewa na jamaa wa upande wa pili, na hakuna aliyemwuliza atakaa siku ngapi. Mtu aliyezaliwa katika familia iliyookolewa na mlango wa wengine atasemaje kwamba mlango wake ni mwembamba?

Hiyo ndiyo hoja niliyojipa, na niliiona imekamilika. Aliyenionyesha kasoro yake hakuwa mwanafalsafa. Mama mwenye nyumba wetu ni Mkakwa wa Koboko. Katika ua ule tuko Walugbara, Waalur na familia moja ya Sudan Kusini, kwa hiyo mambo yote ya uani huendeshwa kwa Kiswahili, hata ugomvi wa zamu ya maji. Wiki ya pili alimwona kijana wetu ameketi kizingitini, akanitania: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe lako liko wapi?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Methali hiyo tumefundishwa tangu shule ya msingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema kwamba inamdai mwenyeji pia: inamdai awe na shamba. Kule Vurra mgeni hula muhogo leo na kesho huupalilia, na usiku hulala katika nyumba ya vijana. Bibi yangu alilima mashamba ya wenyeji wake miaka yote aliyokaa kwao. Nadhani ndiyo sababu hakuna aliyemhesabia siku. Hata Bidi Bidi, kule Yumbe, kambi ilipofunguliwa mwaka 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini walipewa viwanja vya mita 30 kwa 30 wajenge na kupanda chochote. (Kama kiwanja hicho kinatosha, hiyo ni insha nyingine.)

Mimi nilimpa mdogo wangu mkeka. Anayejifunza gereji halipwi, kwa hiyo alikula kilichotoka kwenye kopo la dagaa. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliteka maji bila kuambiwa, wala simlaumu kwa lolote. Lakini mke wangu alianza kuamka kabla ya alfajiri ili avae gizani. Tulianza kunong'ona, kisha tukaacha hata kunong'ona. Jioni moja akaniambia, "Ulimkaribisha vizuri. Ila ulichompa ni changu."

Sikupata jibu, na hadi leo sina. Baba yangu akisema "aje" kule Vurra, hutoa sehemu ya boma, na malazi ya mama hayaguswi. Neno lilelile nikilitamka Arua hutoa usingizi wa mke wangu, nguo zake, mtaji wake na mazungumzo yetu ya usiku. Nilijiona mkarimu, kumbe gharama ililipwa na mtu ambaye hakuwa kwenye simu.

Rafiki mmoja wa darasani, nilipomsimulia, alisema, "Umesoma sana. Hivyo ndivyo watu wa mjini wanavyojifunza uchoyo." Sitaki kumpuuza, maana hoja yangu inaniletea faida mimi mwenyewe, na hoja ya namna hiyo yafaa ikaguliwe mara mbili. Vilevile najua kwamba bibi yangu alipofika na watoto mgongoni, hapakuwa na nafasi ya mume kushauriana na mke. Kwa mtu anayekimbia risasi, mlango hufunguliwa kwanza. Lakini mdogo wangu hakuwa akikimbia. Kulikuwa na siku nne kati ya simu na Jumapili, na katika siku hizo nne sikumwuliza mke wangu hata mara moja.

Nilipomkiri hilo nilitegemea aseme kwamba angekataa. Hakusema hivyo. "Ningekubali," alisema. "Ningemwombea kwa jirani alale jikoni kwake, ale kwetu. Ungeniacha nami nitoe." Hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimehesabu hasara ya chumba na ya unga, nikasahau kwamba nilimnyima nafasi ya kuwa mwenyeji katika nyumba yake. Nilimfanya awe sehemu ya kilichotolewa.

Tulimpigia baba mdogo pamoja. Nilimweleza kwamba kijana atalala jikoni kwa jirani na ataendelea kula kwetu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake. Kisha akaomba azungumze na mke wangu. Sikusikia alichomwambia, naye hajanisimulia. Mwezi uliofuata bodaboda ilisimama uani ikashusha gunia la muhogo mkavu. Dereva aliulizia jina la mke wangu.