Jina la Kuazima

Wewe usomaye kurasa hizi huenda umekwisha anza kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya kupata barua ya kuingia chuo kikuu. Barua hiyo itakuwa na jina kichwani, na jina hilo utalichukua maisha yako yote, utakapoomba kazi na utakapojulishwa mbele za watu. Nataka kukuuliza swali moja tu juu yake. Mtu akisikia jina la chuo chako, akadhani ni chuo kingine kilicho mashuhuri zaidi, akakuheshimu kwa kosa lake, nawe ukanyamaza, je, umesema uongo?

Usidhani kuwa jambo hili ni la nadra. Kando ya njia moja itokayo Nairobi kwenda Thika vipo vyuo vikuu viwili vyenye jina la rais wa kwanza wa Kenya. Chuo Kikuu cha Kenyatta kipo Kahawa, mahali palipokuwa kambi ya askari wa Kiingereza hata mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kipo Juja. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, kikawa kwa muda chuo kishiriki cha kile cha Kahawa, kisha kikajitegemea mwaka 1994. Sisi wenyeji hatupotei, lakini mgeni anayeambiwa "Kenyatta" tu atajuaje?

Ng'ambo mambo ni mazito zaidi. Nchini Marekani, katika jimbo la Ohio, kipo chuo kikuu kilichopewa hati mwaka 1809, nacho huitwa Miami kwa jina la kabila la wenyeji wa asili wa nchi ile. Wakati huo Florida haikuwa hata jimbo la Marekani. Haikuingia katika muungano ila mwaka 1845. Lakini katika Florida hiyo, mwaka 1925, kilianzishwa chuo kikuu kingine cha Miami. Kwa Kiingereza majina hayo hutengwa kwa mpango wa maneno: kimoja hutanguliza neno Miami, kingine huliweka mwisho. Lugha yetu haina nafasi ya tofauti hiyo. Vyote viwili kwetu ni Chuo Kikuu cha Miami, na kijana arudiye nyumbani na shahada ya kimojawapo hana budi ama kueleza ama kunyamaza.

Jina la Washington nalo limeenea vivyo hivyo. Lipo St. Louis katika chuo cha mwaka 1853, lipo Seattle katika chuo cha mwaka 1861, na katika mji mkuu kipo kiitwacho George Washington. Wakuu wa kile cha St. Louis walichoka na mchanganyiko huo, hata mwaka 1976 wakaongeza jina la mji wao katika jina la chuo. Nawasifu kwa hilo. Hawakumwachia msikiaji kazi yote ya kupambanua. (Wako pia wauza vyeti ambao huchagua kwa makusudi jina lifananalo na la chuo kikubwa. Hao sina haja ya kuwajadili, ni wezi.)

Sasa turudi kwako. Yamkini utajitetea hivi: "Kinywa changu kilisema kweli, sikio lake ndilo lililokosa." Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipuuza. Hakuna awezaye kusahihisha kila dhana ya kila mtu. Abiria mwenzako katika basi akikudhania mwanafunzi wa chuo fulani, akashuka kituo cha pili, hukupata kitu kwake wala yeye hakupoteza. Lakini fikiri juu ya mwenye duka akurudishiaye chenji ya shilingi mia tisa badala ya mia nne. Hukuiba, mkono wake ndio uliokosa. Walakini tangu dakika ile uliyohesabu fedha, ukajua, ukazitia mfukoni, kosa lililokuwa lake limekuwa lako. Na katika kuomba kazi yupo mtu wa tatu pia, aliyeketi nje akingoja zamu yake, ambaye hajui kwa nini amekosa.

Nasema haya kwa kuwa niliwahi kunyamaza. Katika ujana wangu nilikwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi, na mzee mmoja miongoni mwa waliohoji alisoma jina la shule yangu ya sekondari, akatabasamu, akasema kuwa naye alisoma pale. Hakusoma pale. Alisoma katika shule nyingine yenye jina la mtakatifu yule yule, shule yenye sifa kubwa. Nami nikatabasamu. Ndipo akaniuliza kama mwembe uliokuwa mbele ya bweni ungalipo. Nikamjibu kuwa upo. Tazama jinsi ukimya ulivyodumu kwa muda mfupi kabla ya kuzaa uongo mtupu!

Kazi niliipata. Kwa miezi mingi nilipomwona mzee yule nilishika njia nyingine. Lakini aliyenisumbua zaidi moyoni hakuwa yeye. Alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, aliyetufundisha chini ya paa livujalo, akihamisha ubao kila mvua iliponyesha, na ambaye nilimkana kwa tabasamu moja, kana kwamba kazi yake haikutosha kunifikisha mbele ya meza ile.

Mwishowe nilimwendea mzee nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo. Kisha hakuniuliza habari za mwembe wala za kazi. Aliniuliza shule yangu iko mji gani, na ni nani aliyenifundisha hesabu. Nikamtajia jina.