Ruhusa ya Kubadilisha

Kabla sijaanza shahada ya uzamili nilifundisha biolojia kwa muhula mmoja katika chuo kimoja mjini Kigoma. Maktaba ilikuwa na nakala mbili za kitabu cha kiada, moja haina jalada. Nikapakua kitabu huria kilichoandikwa Marekani, nikakiweka kwenye flashi na kuwagawia wanafunzi. Ni bure, tena halali. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kitabu na nauli, nami nikajiona mtu mwema.

Kwenye mtihani niliuliza maji ya ziwa hujichanganya vipi. Karibu darasa zima lilijibu kwamba hupinduka mara mbili kwa mwaka, barafu inapoyeyuka na baridi inaporudi. Niliwapa alama zote. Usiku, nikisahihisha karatasi ya mwisho, ndipo nilipojisikia mjinga. Ziwa linaonekana kutoka dirisha la darasa lile! Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, halijawahi kuona barafu, na maji yake ya chini kabisa hayana oksijeni kwa sababu hayapinduki.

Kitabu hakikukosea, kwani kilieleza maziwa ya kwao. Leseni yake ya Creative Commons ilisema wazi: nakili, badilisha, sambaza, mradi umtaje mwandishi. Mimi nilichukua ubure tu na kuiacha ruhusa ya kubadilisha, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya zawadi. Mtu akikupa shamba nawe ukaokota maembe yaliyoanguka tu, umelipokea kweli?

Basi nikaanza kuiandika upya sura ile. Mwanafunzi mmoja alinipeleka Kibirizi kwa mjomba wake, mvuvi wa dagaa. Mzee alinieleza mengi: kwa nini usiku wa mbalamwezi hawatoki, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa, upepo wa kiangazi unavyobadilisha maji, na wapi hasa huelekeza mitumbwi samaki wanapoadimika. Niliandika kila kitu.

Nilipofika kwenye shukrani, nikakwama. Waandishi wa Marekani niliwataja kama leseni inavyotaka. Mzee je? Leseni humlinda aliyeandika, na yeye hakuandika, alizungumza na mgeni. Isitoshe, leseni ile ikishatolewa hairudishwi. Wenzangu husema elimu ni mali ya wote. Nakubali, lakini naona ni rahisi mno kutoa sadaka kwa mali ya jirani. Ni kweli pia kwamba watafiti wa zamani waliwahoji wavuvi kama yeye, kisha makala zao zikafungiwa nyuma ya malipo. Uhuria ni nafuu kuliko hilo. Ila nafuu yake haiondoi wajibu wa kuuliza.

Nikarudi. "Shikamoo mzee. Naomba ruhusa niyaweke uliyoniambia mahali ambapo yeyote duniani anaweza kuyachukua."

"Watakuja kuvua hapa?"

"Sidhani. Lakini siwezi kuwazuia."

Akafikiri kidogo. "Andika, mwalimu. Ila kule tunakokwenda samaki wakiadimika, paache."

Nikafuta aya nzima, iliyokuwa bora kuliko zote. Sura ilipokamilika alitaka kuiona, lakini kwenye karatasi, maana simu yake ni kitochi. Nikaenda stesheneri kutoa kopi.