Kitanda Usichokilalia

Mtwara mjini ilichorwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ukarudi Uingereza na pendekezo la mashamba makubwa ya karanga, ili Waingereza waliotoka vitani wapate mafuta ya kula. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, baadaye Urambo na Nachingwea. Mazao ya Nachingwea yalihitaji reli, bandari ya kina kirefu, na mji mpya kando ya bandari. Mikindani, mji jirani wa kale wenye nyumba za mawe na vibaraza vyake, ukabaki pembeni. Viwanja vya Mtwara vikapimwa kwa rula na barabara zikachorwa pana, zikisubiri shehena.

Shehena haikuja. Wagogo wa Kongwa walijua kwamba mvua ya kwao ni ya kubahatisha, na kwamba udongo wao kiangazi hushikana ukawa kama saruji. Wataalamu waliyajua hayo baada ya majembe ya matrekta kuvunjika. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara ilikamilika 1954, wakati karanga zilizojengewa bandari hiyo hazipo. Reli ilifungwa 1962, kisha vyuma vikang'olewa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaitaja kila siku, lakini linapokuja suala la kupanga mitaa yetu tunaisahau, na gharama yake tunailipa upya kila kizazi.

Naandika haya nikiiwazia Chikongola, moja ya kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na barabara yake yenye maduka. Barabara ya namna hiyo mjini inahitaji mwongozo: jengo lirudi nyuma hatua ngapi, ghorofa ziishie wapi, kibao cha duka kiwe na ukubwa gani, njia ya miguu ipite wapi, bodaboda na bajaji zisimame wapi, nani apange meza na nani asipange. Ni jambo jema. Mtaa usio na mwongozo humezwa na mwenye nguvu. Swali ni moja: mwongozo huo utaandikwa na nani, na wakazi wataitwa kabla ya penseli kugusa karatasi au baada ya wino kukauka?

Watu wa Mtwara wanajua uchungu wa kupelekewa uamuzi uliokwisha kupikwa. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na kuthibitisha kwamba bomba la gesi ya Mtwara litakwenda Dar es Salaam, vurugu zililipuka mjini, watu wakapoteza maisha, mali zikateketea, jeshi likaletwa. Bomba lilijengwa hata hivyo, likazinduliwa mwaka 2015. Mtu anaweza kubishana hadi kesho juu ya nani alikuwa na haki. Lakini mazungumzo yaliyokuja baada ya maafa yalipaswa kutangulia, na hakuna mkutano wa hadhara unaorudisha aliyekufa.

Kwa mambo ya biashara ya barabarani, somo lililo karibu zaidi liko Ilala, Dar es Salaam. Hapo, jirani na uwanja wa Karume, lilijengwa Machinga Complex kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, likakamilika mwaka 2010. Nia ilikuwa safi: wamachinga waondoke kando ya barabara, wapate vizimba chini ya paa imara. Jengo likawa la ghorofa, na kwa miaka mingi vizimba vingi vya juu vilikaa vitupu. Mmachinga yeyote angeweza kulieleza hilo asubuhi moja, bure. Mteja wake ni mpita njia. Anaona soksi au chaja, anatoa noti, anakwenda zake. Mteja huyo hapandi ngazi kutafuta kitu ambacho hakujua kwamba anakitaka hadi alipokiona. Maarifa hayo yalikuwapo mtaani, yakikaa juani kutwa nzima, na ramani haikuyapata.

Barabara ya Mtwara nayo ina maarifa ya namna hiyo. Mwulize mama lishe kwa nini meza yake iko upande huu na si ule. Atakwambia, "Mwanangu, saa nane kivuli cha mwembe kiko huku, na mteja halili juani." Mchoro unaong'oa mwembe ili njia ya miguu inyooke umemwondolea chumba chake cha biashara, hata kama umemwachia meza. Mwulize fundi cherehani wa kibarazani: atakuonyesha maji ya masika yanapofika na mtaro unaozibwa kwa mchanga. Mwulize mwenye duka kuhusu msimu wa korosho. Minada inapoanza na malipo kuwafikia wakulima, pikipiki hujaa, mabati na magodoro hushushwa barabarani. Afisa akipima upana wa maegesho mwezi wa Mei atapata mtaa mtulivu, na kanuni yake itavunjika Novemba. Na kibaraza, ambacho mchoraji anaweza kukiita uvamizi wa hifadhi ya barabara, ndipo wazee wanapozungumza na watoto wanapochungwa na macho ya mtaa mzima.

Sheria haiwazuii wakazi kuyasema hayo; iko upande wao. Katiba, ibara ya 145 na 146, inaziweka serikali za mitaa ili madaraka yawe kwa wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wakazi na wenye ardhi wakutanishwe na rasimu iwekwe hadharani ili watu watoe maoni. Tatizo huwa ni namna ya kuitekeleza. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata, mkutano huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, ramani hutundikwa kwa lugha ya kitaalamu, wachache husaini daftari la mahudhurio, na daftari hilo huhesabiwa kuwa ridhaa.

Ushirikishwaji wa kweli una taratibu zake. Afisa mipango miji atembee barabara nzima pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wafanyabiashara, walemavu na akina mama, asubuhi, mchana na jioni, kabla hajachora. TARURA wenye barabara, MTUWASA wenye maji na TANESCO wenye nguzo wakae meza moja na manispaa, maana mkazi akiambiwa "hilo si letu" mara tatu huacha kuuliza. Mpangaji wa duka aitwe pamoja na mwenye nyumba, kwa kuwa anayelipa kodi ndiye atakayehamishwa. Mistari ya ujenzi ichorwe kwa chokaa ardhini, kila mtu aone ukuta wake uko upande gani. Na vijana wa bodaboda wafuatwe kijiweni, kwani saa moja ya mkutano kwao ni hesabu ya bosi iliyopungua.

Wakazi nao wana wajibu. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano asilalamike siku ya greda. Na anayefika aje na la mtaa, asije kutetea meza yake peke yake akamziba jirani mwenye kiti cha magurudumu.

Mwisho, wakazi wadai jambo moja kabla mwongozo haujasainiwa: usomwe mbele yao, na karibu na kila kifungu paelezwe walichosema na kilichobadilishwa kwa sababu yake. Pale maoni yalipokataliwa, sababu itajwe. Kama kurasa zote zitasomwa na hakuna hata mstari mmoja uliobadilika, basi watu hawakushirikishwa, na mkutano urudiwe.