Dhiki ya Moyo Si Upungufu wa Imani

"Huna imani!" Ndilo jawabu apewalo kijana wetu wa Majengo, Pumwani, anapowaandikia wazee wake wa pwani kwamba kifua chambana na usingizi haumjii. Basi hunyamaza, asiseme tena. Twawauliza watoao hukumu hiyo: Nabii Yaqub, aliyemlilia Yusuf hata macho yakawa meupe, naye alikuwa na imani haba? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika tiba ya nafsi pamoja na tiba ya mwili, wala hakuona haya. Sisi leo twaona haya hata kuitaja Mathari, hospitali ipokeayo wagonjwa wa akili huko Nairobi tangu 1910! Dua hatuikatazi, hasha. Tukatazalo ni kumziba mtu kinywa kwa dua. Kijana huyo atamwambia nani, ikiwa baba hataki kusikia, na msikitini ataambiwa atubu?