Kudra ya Mungu na Mkono wa Mtu katika Maji ya Ziwa Victoria

Ziwa linapovuka kingo zake na kuingia majumbani, au linapopungua hadi mitumbwi ikabaki juu ya matope, swali la zamani la elimu ya dini huibuka upya: je, tukio hilo ni kudra ya Mwenyezi Mungu, ambayo mja hana budi kuipokea kwa subira, au ni tunda la matendo ya watu, ambayo wapo wanaostahili kuulizwa juu yake?

Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ni mahali pafaapo kulichunguza swali hilo, kwa kuwa mizania yake ya maji, yaani ulinganisho wa maji yanayoingia na yanayotoka katika kipindi fulani, imechunguzwa kwa miaka mingi. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na sehemu iliyosalia huletwa na mito kama Kagera, Nzoia, Mara na Simiyu. Kwa upande wa kutoka, mvukizo, yaani maji yanayopanda angani kwa nguvu ya jua na upepo, huchukua kiasi kinachokaribia kile cha mvua, na yanayobaki hutoka kupitia Jinja, nchini Uganda, yakawa Mto Nile. Kwa kuwa mafungu hayo mawili makubwa hukaribia kulingana, badiliko dogo la mvua hutosha kuvuruga hesabu nzima. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na Mei 2020, baada ya mvua kubwa zilizofuatia kupata joto lisilo la kawaida kwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya 1964.

Takwimu hizi, kwa mtazamo wa haraka, huelekea kumpa ushindi anayesema kuwa yote ni kudra, maana hakuna mkulima wala serikali inayoamuru mawingu. Hata hivyo, ziwa hilohilo lilishuka mno kati ya 2004 na 2006, na watafiti walioichambua mizania ya miaka hiyo walikadiria kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na ukame, na nusu nyingine na maji yaliyofunguliwa kwenye bwawa la Jinja kwa ajili ya umeme kupita kiwango kilichokubaliwa. Tukio moja, kwa hiyo, lilikuwa na sababu mbili, na ile ya pili ilikuwa na funguo mkononi mwa watu.

Wanateolojia hawakulikwepa jambo hili. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alifundisha kwamba moto hauchomi pamba kwa uwezo wake wenyewe bali kwa matakwa ya Mungu, lakini hakutoa ruhusa ya kuacha sababu, yaani njia za kawaida ambazo Mungu amezipanga matokeo yapitie humo. Na Waislamu wa pwani na bara wanayajua mafundisho ya Mtume kuhusu ngamia, kwamba afungwe kwanza ndipo mwenyewe atawakali, yaani amtegemee Mungu. Kwa upande wa Ukristo, Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alieleza kwamba Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda kupitia sababu za pili bila kuzifuta. Katika mafundisho yote mawili, anayeita kila gharika kudra ili asiulizwe kitu hamtukuzi Mungu. Anamtwika Mungu mzigo wake mwenyewe.

Ugumu wa kweli unaanza kwenye ardhi ya bonde ambalo mito yake humwaga maji ziwani. Pale ambapo msitu umesimama, tone la mvua hugonga jani kabla ya udongo, kisha hupenya taratibu kupitia majani yaliyooza na njia za mizizi. Pale ambapo mteremko umelimwa ukaachwa mtupu, tone hilo huupiga udongo hadi uso wake ukagandamana, na maji, yakishindwa kuingia, hukimbilia mtoni yakiwa na rangi ya udongo wenyewe. Hata hivyo, miti nayo hunywa maji na kuyarudisha angani, kiasi kwamba kukata msitu mara nyingi huongeza jumla ya maji ya mto kwa mwaka, ingawa huyaleta kwa kishindo wakati wa mvua na, udongo ukigandamana, huweza kuyapunguza wakati wa kiangazi. Anayepima wema kwa wingi wa maji peke yake angeweza kuhitimisha kwamba kufyeka msitu wa Mau, unakoanzia Mto Mara, ni fadhila kwa ziwa. Hitimisho hilo ni batili, kwa sababu mizania huhesabu ujazo tu, wala haihesabu tope linaloziba mazalio ya samaki, wala mifugo inayokosa maji kiangazi, wala nyumba za Budalang'i zinazozamishwa na Nzoia.

Hivyo ukubwa wa wajibu haulingani na ukubwa wa fungu la maji. Mito huleta sehemu ndogo, lakini ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na mikono ya wakazi wa bonde. Mvua huleta sehemu kubwa, na gesi zinazolitia joto anga linaloibeba mvua hiyo zimetoka kwa wingi katika nchi za viwanda zilizo mbali na Jinja. Kumlaumu mkulima wa mteremkoni kwa gharika nzima ni dhuluma, na kumwambia kwamba hana lolote la kufanya ni kumvua utu wake wa kutenda. Viongozi wa dini wanaoongoza sala za kuomba mvua katika bonde hili wana haki ya kuendelea nazo. Wanaombwa pia, kwenye mimbari hizohizo, watamke wazi ni nani anayeshika funguo za Jinja, nani anayegawa ardhi ya msitu, na nani anayedaiwa na wakazi wa mwambao waliohama makwao mwaka 2020.