Paka Wangu na Vifaranga vya Jirani

Katika vitabu 66 vya Biblia yetu paka hatajwi hata mara moja. Ng'ombe yumo, kondoo yumo, hata punda wa Balaamu yumo. Kwa hiyo jirani yangu alipokuja kunieleza kwamba paka wangu amekula vifaranga vyake vitatu, nilidhani nimepata pa kujifichia. "Mama, paka ni paka," nikamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, Mchungaji. Lakini ni paka wako."

Jibu lile lilinisumbua siku kadhaa. Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, inamtofautisha ng'ombe aliyemchoma mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa, asimfunge. Ng'ombe ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe sasa anajua. Nami nilikuwa nimeonywa.

Tena si vifaranga tu. Hapa Msasani migomba ya huyu yagusana na ya yule, na malori ya kwenda Kyela na Malawi hupita mjini kwetu usiku na mchana. Watu hutega panya kwa sumu, na panya mwenye sumu huliwa na paka. Ninachokihofia zaidi ni kichaa cha mbwa: paka akiumwa huko nje na mbwa mgonjwa, aweza kumwambukiza mtoto anayembeba, na dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Chanjo ipo. Ya kwangu niliiahirisha mwaka mzima. Naona haya kuandika hili.

Lakini kumfungia daima nako si wema. Kaumbwa awinde, na bila yeye mahindi yetu yangekwisha. Luther, akieleza ombi la nne la Baba Yetu katika Katekisimu Ndogo ya 1529, alihesabu mashamba na mifugo kuwa mkate wa kila siku, na karibu na mwisho wa orodha akaweka majirani wema. Maneno hayo nimewafundisha vijana wa kipaimara miaka mingi, wala sikuwahi kujiuliza kama jirani yangu, akiomba sala hiyo, amejibiwa.

Basi paka amechanjwa. Usiku hulala ghalani na panya wake. Mchana hutoka, ila majirani wakiwa na vifaranga hubaki ndani, akilia mlangoni. Nilimpelekea Mama mtetea mmoja. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akauliza kama mlango wa ghala una komeo.